Fidia ya Bega Langu

Mke wangu hakutaka kwenda. Nalisema hilo mwanzo kabisa kwa sababu watu wengi wanaomwona leo akitembea na gongo kwenda kanisani wanadhani aliumia akiwa kwenye shughuli zake. Siku ile hakuwa kwenye shughuli zake, alikuwa kwenye zangu.

Nilikuwa sajini katika kikosi kimoja pale Nachingwea. Mimi si mtu wa huku. Nilizaliwa upande wa Kasulu, nikahamishiwa Nachingwea nikiwa bado koplo, nikadhani nitakaa kidogo kisha nihamishwe tena. Halafu nikampata yeye. Alikuwa binti wa Mnero, wa familia ya wakulima wanaoishi jirani na misheni, na ushonaji alifundishwa na masista. Tulifunga ndoa, tukajenga Nkowe, upande wa Ruangwa, ambako mjomba wake alitupa kipande cha shamba chenye mikorosho ya zamani. Siku za kazi nililala kambini. Mwisho wa wiki, zamu ikiniruhusu, nilipanda pikipiki yangu na kurudi nyumbani.

Pale Nkowe watu walimwita Fundi, hata wale wasiojua kwamba ameolewa na mwanajeshi. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa barazani, na ukipita njiani ulimsikia kabla hujamwona. Alishona sare za shule, majoho ya kwaya na magauni ya kipaimara. Shule zinapokaribia kufunguliwa alikuwa hashikiki. Wazazi waliofanya ajizi mwezi mzima walikuja wote kwa mpigo, kila mmoja na mita zake za kitambaa, na wote wakitaka kesho.

Katika siku kama hizo ndipo mkuu wetu wa kikosi alipotangaza kwenye paredi kwamba sherehe ya kufunga mwaka itakuwa pia siku ya familia. Askari wote tuhudhurie. Mwenye mke aje na mke, na yeye hataki kusikia udhuru wa mtu. Malori yatawachukua wanaokaa karibu na kambi. Wanaokaa mbali watajitegemea usafiri.

Nilimweleza mke wangu Jumamosi iliyofuata. Alikuwa anakata mashati, sindano za kubania amezishika kwa midomo, akanisikiliza bila kuinua kichwa. Alipozitoa aliniuliza sare za watu azimalize lini.

Nikamwambia ni siku moja tu.

"Basi nenda wewe," alisema. "Wewe ndiye askari."

Nilimwambia mkuu ataniuliza yuko wapi, na kweli alikuwa mtu wa kuuliza. Nilimwambia wake za wenzangu wote watakuwepo, kwamba mimi kila mwaka naonekana kama kapera. Hakubishana tena. Usiku alishona mpaka nikalala nikimsikia, na asubuhi ya siku ile aliniuliza kama gauni la bluu linafaa. Binti yetu alikuwa Mnero kwa bibi yake kwa likizo, naye alililia kuja, lakini pikipiki isingebeba watatu. Nashukuru mpaka leo kwamba tulimwacha akilia.

Lazima niseme na hili pia: mke wangu alifurahi siku ile. Ingekuwa rahisi kwangu kusimulia kwamba alinuna kutwa nzima, lakini haikuwa hivyo. Palifungwa maturubai uwanjani, kulikuwa na ng'ombe wawili na bendi, na wake za maofisa walikuwa wanapakua pilau kwa mikono yao. Mchana ikaja michezo. Wanawake walipangwa mstari wakimbie na ndimu kwenye kijiko, kijiko kimeng'atwa kwa meno. Nilidhani atakataa. Alivua viatu akanipa nimshikie. Wengine walikimbia wakadondosha. Yeye alitembea haraka haraka, shingo imenyooka, kama mtu anayebeba ndoo ya maji kichwani, akafika wa kwanza. Mkuu wa kikosi mwenyewe ndiye aliyempa zawadi, doti ya kanga, na alipompa mkono alimwambia, "Shemeji, huyu sajini alikuwa amekuficha wapi?" Watu walicheka. Na mimi nilijisikia vizuri sana, niseme ukweli. Nilisimama pale na viatu vyake mkononi nikaona nimeheshimika.

Tuliondoka jua bado lipo. Mvua ilikuwa imepita huko mbele, tukaikuta njia imelowa. Nilikuwa naendesha polepole. Hakuna aliyewahi kusema vinginevyo, hata yeye. Nilikuwa nimekunywa soda. Alikuwa nyuma yangu, kanga ameitia kifuani isilowe, ananisimulia jinsi mke wa koplo mmoja alivyodondosha ndimu akaiokota kwa mkono akidhani hakuna aliyemwona. Kwenye kona moja yenye mteremko alikuja mtu wa baiskeli amebeba magunia ya mkaa, mzigo umemzidi, amekaa katikati ya njia. Nilimkwepa. Tairi la nyuma likateleza kwenye tope, na pikipiki ikatupeleka mtaroni.

Mimi nilirushwa pembeni, nikaangukia bega. Yeye alibaki chini ya pikipiki, na mguu wake wa kulia ulibanwa kati ya chuma na jiwe la mtaro. Hakupiga kelele. Aliniita tu kwa jina la binti yetu, Baba fulani, kama anavyoniita siku zote, kama vile ananiomba nimletee kitu. Yule wa baiskeli alitupa mkaa wake akaja mbio. Wakaja na watu wengine kutoka mashambani, wakaongea naye kwa Kimwera, akawa anawajibu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye majani, mkono mmoja haunyanyuki, nasikia watu wanamfanyia mke wangu mambo kwa lugha nisiyoielewa vizuri. Walimtoa, wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wakasimamisha gari dogo la mizigo lililokuwa linaelekea tulikotoka.

Mimi nilivunjika mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega. Walinifunga mkono, wakaniambia utaunga. Yeye walimhamishia hospitali kubwa zaidi, akatiwa vyuma, akalala huko wiki nyingi. Goti halikurudi. Mguu uliunga ukiwa mfupi kidogo kuliko mwenzake, na haukunjiki.

Mama mkwe alikuja kutoka Mnero kumuuguza. Ni mwanamke mpole. Kiswahili chake ni cha sokoni na kanisani, kwa hiyo mimi naye kwa kawaida tunaongea kwa salamu na tabasamu. Siku ya kwanza alisimama kando ya kitanda akasema maneno machache kwa Kimwera, sauti ya chini, huku ananitazama mimi. Nilimuuliza mke wangu amesema nini. Akajibu, anakupa pole.

Wenzangu wa kikosi walikuja. Mkuu alimtuma afisa utawala, kapteni mmoja mtaratibu sana, mwenye kusikiliza. Alileta matunda na soda, akakaa na mgonjwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Wakati namsindikiza alinishika bega zima akaniambia nisiwe na wasiwasi. Sherehe ile ilikuwa ni shughuli ya kikosi, iko kwenye amri ya siku, na anayetoka kwenye shughuli ya kazi kurudi kwake kwa njia yake ya kawaida bado anahesabiwa yuko kazini. Jeshi halimtupi mtu wake. Matibabu yatashughulikiwa, na madaktari wakishaona ulemavu uliobaki, kuna fidia.

Niliyabeba maneno yale nikayarudisha wodini kama mtu aliyebeba chakula cha moto. Nilimwambia mke wangu asijali, tutalipwa mguu wake. Kwa mara ya kwanza tangu ajali alilala mchana kutwa bila kushtuka. Kapteni hakunidanganya. Alisema "mtu wake", nami nikasikia "watu wake".

Nilikuja kuelewa baadaye, niliporipoti kazini mkono ukiwa bado kwenye kombeo. Kapteni alinikaribisha ofisini kwake, akanieleza hatua zote. Nitakwenda mbele ya bodi ya madaktari, watapima bega, watatoa maoni. Nikamuuliza mke wangu atapimwa siku hiyo hiyo au ataitwa siku nyingine.

Akafunga kalamu yake.

"Sajini, shemeji matibabu amepata, na ataendelea kupata kama tegemezi wako. Lakini fidia ni ya mtumishi. Yeye si mtumishi."

"Afande, alikuwa anatoka palepale nilipotoka mimi. Kwa amri ileile."

"Siyo ileile," alisema, na namshukuru kwamba alisema taratibu. "Wewe uliamrishwa. Yeye alialikwa."

Nilimkumbusha maneno ya mkuu kwenye paredi, kwamba hataki udhuru. Akasema anayakumbuka, na yeye mwenyewe alimleta mke wake aliyekuwa na homa kwa sababu ya maneno hayohayo. Lakini kilichoandikwa kwenye amri ya siku ni kwamba askari watahudhuria na familia zinakaribishwa. Akasema aliulizia ngazi za juu kwa niaba yangu kabla sijarudi, kwa hiari yake. Jibu lilikuwa ni hilo. Niliona usoni kwake kwamba lilimkera, lakini kulibadilisha hakuwa na uwezo.

Sikumwambia mke wangu siku hiyo, wala wiki hiyo. Nilipomwambia, alikuwa amekaa barazani Nkowe mguu ameunyoosha juu ya kigoda, anapanga vitambaa vya watu kuwarudishia. Walikuwa wamekuja kuvichukua mmoja mmoja, wanampa pole, wanasema watapata fundi mwingine, yeye apone kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza ni nani sasa atakayemwambia mkuu wa kikosi kwamba yeye aliumia. Sikumwelewa. Akarudia: kwenye barua zote zilizokuja nyumbani ilisemwa ni ajali ya sajini. Ajali ya sajini, hali ya sajini, bega la sajini. "Mimi nilikuwa wapi?" aliuliza.

Bodi ilipowadia, wenzangu walikuwa wameshanipa ushauri wa kutosha. Daktari akikwambia inua mkono, ishia hapa. Ukifika usawa wa sikio, umejinyima mwenyewe. Nia yao ilikuwa njema. Waliona ndiyo njia pekee ya kufidia mguu kwa kupitia bega. Nami nilianza kuona wana hoja. Nilimweleza mke wangu jioni nikiwa namsaidia kuoga, nikadhani atakubali, maana kila kitu kilikuwa kimesimama nyumbani.

"Ukijifanya kilema," alisema, "basi vilema tutakuwa wawili humu ndani. Inua mkono wako."

Alitaka tufuatane. Alikaa kwenye benchi la nje na magongo yake wakati mimi niko ndani. Daktari mkuu, mzee kidogo, aliniambia nivue shati, akanibonyeza, akaniambia niinue. Nikainua mpaka ulipogoma, na uligoma juu kabisa, kasoro kidogo tu. Aliandika. Akaniuliza kama nabeba mzigo, kama nalalia upande ule, nikamjibu ukweli. Iliisha upesi. Alinitoa mpaka mlangoni kwa adabu, na hapo akamwona mke wangu akijaribu kusimama ukutani. Akauliza kama huyu mama naye yuko kwenye orodha ya leo. Nikamwambia ni mke wangu, tulikuwa pamoja. Daktari aliutazama ule mguu, akautazama tena, akanitazama bega. Akamshika mke wangu kiwiko akamsaidia kushuka ngazi mpaka chini, kisha akarudi kumwita mtu mwingine.

Fidia ilitoka baada ya muda. Haikuwa kubwa, kwa sababu bega lenyewe halikuwa na shida kubwa. Nilirudi nayo Nkowe nikamwambia ni yake yote, afanye anachotaka. Alikataa kuigusa. Alisema ile ni ya bega langu na bega liko kwangu. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitesa, maana hasira ningeweza kuijibu. Mwishowe nilimlipa fundi aliyekuja kufunga mota ya umeme kwenye cherehani, ili asihitaji kukanyaga. Alijaribu kwa miezi kadhaa. Mota ilikimbia kuliko mikono yake. Yeye alizoea kitambaa kufuata mguu, na mguu haukuwepo tena kwenye mazungumzo. Alirarua kola, akafumua, akarudia. Siku moja nilirudi nikakuta baraza tupu. Alikuwa ameiuza cherehani kwa mwanamke mmoja wa Likunja aliyekuwa mwanafunzi wake zamani.

Wamepatana vizuri, huyo mwanamke na yeye. Mke wangu anapima na kukata, mwenzake anashona. Kukata anakata akiwa amesimama, ameegemea meza ndefu niliyomchongea, na watu wanasema mkato wake haujaharibika. Lakini siku hizi nikikaribia nyumbani sisikii kitu. Inanibidi nifike mlangoni ndipo nijue kama yupo.

Katika kipindi hicho ndipo aliponiambia yale maneno ya mama yake ya hospitalini. Nilikuwa nimeyasahau. Hatukuwa tunagombana, tulikuwa tunabangua korosho. Alisema mama hakutoa pole siku ile. Mama alisema, kama ungeolewa na mkulima wa hapahapa Mnero, leo ungekuwa shambani kwa miguu yako. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia wakati ule. Akasema wakati ule mkono wangu ulikuwa umefungwa, aliona unanitosha.

Nilifanya jambo moja tu ambalo halinisumbui nikilikumbuka. Nilimrudia kapteni nikamwomba, safari hii si fidia. Niliomba mkuu wa kikosi aambiwe kwamba kuna mtu mwingine aliyeumia, na kwamba mtu huyo hajawahi kutajwa. Kapteni alisema atafikisha. Sikutegemea kitu. Mkuu alikuwa karibu kustaafu, na mtu anayekaribia kustaafu ana mambo yake.

Alikuja Nkowe siku ya Jumapili, baada ya misa. Alikuwa amevaa shati la kitenge, anaendesha gari lake mwenyewe, hana dereva wala mlinzi. Nilitoka mbio nikajikuta nimesimama wima kwa mazoea. Akanipungia mkono nikae. Alikuwa amekuja kwa shemeji.

Mke wangu alikuwa barazani. Magongo aliyasukuma nyuma ya mlango aliposikia gari, nilimwona. Alimkaribisha, akaniomba nilete maji ya kunywa na korosho. Mkuu alikula chache, akauliza habari za binti, za mvua, za shamba. Halafu akaweka bakuli chini. Alikuwa mtu wa sauti kubwa maisha yake yote, lakini pale aliongea kwa sauti ya chini hadi nikalazimika kusogea.

"Shemeji, mimi ndiye niliyesema familia zije. Kwenye karatasi nimeandika vingine, lakini mdomoni nilisema vile. Nilitaka uwanja ujae. Nisamehe."

Nilidhani mke wangu atalia, au atamuuliza alikuwa wapi siku zote hizo. Badala yake aliuliza kama siku ya familia itakuwepo tena. Mkuu akasema anadhani itakuwepo, lakini si yeye atakayeamua.

"Basi waambie wanaokuja," alisema mke wangu, "wa mbali nao wapelekewe gari. Kwenda na kurudi."

Mkuu akasema atawaambia. Na aliwaambia, kwa sababu mwaka uliofuata lori lilifika mpaka Ruangwa kuwachukua wanawake na watoto, likawarudisha, na nasikia bado linafanya hivyo. Mimi nimeshaondoka jeshini. Wenzangu waliobaki wanaita lile lori gari la shemeji, na vijana waliojiunga karibuni hawajui ni shemeji gani.

Siku ile ya Jumapili mkuu alikaa mpaka alasiri. Mke wangu hakunyanyuka hata mara moja, na mkuu alipoaga alimpa mkono akiwa amekaa, akaomba radhi kwamba ana kazi mapajani, ingawa mapajani palikuwa na bakuli tupu. Gari lilipopotea kwenye vumbi nilirudi barazani nikamkuta ameuma midomo. Mguu ulikuwa umekufa ganzi kwa kukaa namna moja saa zote zile.

"Amechelewa," alisema. "Lakini amekuja."

Kisha akaninyooshea mikono nimwinue. Nilimwinua kwa mkono wa upande mzima, kisha na ule mwingine, na ule mwingine nao ulikuwa na nguvu za kutosha, tukasimama pale tumeshikana tukisubiri damu irudi mguuni ndipo tuingie ndani.